Fundi wa jiwe la mtaa wetu: nyota nne, ya tano kaikosa kwa kuchelewa

Mimi ni katibu wa kamati ya mtaa wetu, huku Gongo la Mboto. Tulikuwa na majina kumi na moja ya wenzetu waliokwenda Vita vya Kagera, wanajeshi na mgambo. Wanne hawakurudi, na wawili kati yao wamelala Kaboya kule Muleba. Wanne wamefia nyumbani miaka ya karibuni. Watatu tunao. Tulitaka jiwe la kumbukumbu lenye majina yao lisimame mbele ya ofisi ya serikali ya mtaa kabla ya Julai 25, Siku ya Mashujaa.

Duka la kwanza lipo mjini, lina kiyoyozi na sofa, jina nalihifadhi. Walichukua nusu ya hela, baada ya wiki mbili wakapiga simu: jiwe tayari. Kweli linang'aa, maandishi ya dhahabu, na kila jina limetanguliwa na "Marehemu". Yote kumi na moja! Kumbe wamezoea makaburi, wakatuingiza kwenye mtindo uleule. Tulikuwa na mzee mmoja, koplo mstaafu. Akavaa miwani, akalisoma jina lake taratibu mpaka mwisho, akanigeukia: "Mwanangu, mmeniwahi." Nikacheka, halafu nikaona aibu. Hela hatujarudishiwa hadi leo.

Huyu ninayemsifia yuko Buguruni, uchochoroni, hana hata kibao. Unafuata mlio wa grainda. Hakuanza na bei wala vipimo. Aliuliza, "Haya majina nani kayahakiki?" Akakataa kuchonga kutoka kwenye meseji ya simu. Aliyaandika yote kwa chaki juu ya jiwe, akataka kila jina liletewe ndugu yake, asome na kugusa kwa kidole. Niliona usumbufu, kukodi Hiace nzima kwa ajili ya chaki! Lakini bibi mmoja, mjane wa sajini taji, alifika akasema herufi moja imezidi, karatasi za jeshi ndizo zilizokosea tangu mwanzo. Fundi akafuta kwa kiganja, akaandika upya, akamuuliza, "Sasa ndiye yeye, bibi?" Bibi akaitikia kwa kichwa tu.

Marumaru nyeupe alitukataza, akasema inashika madoa. Tukachukua graniti nyeusi. Amechonga kwa tindo, ndani hasa, ukifumba macho unasoma kwa vidole. Kuchonga ni shilingi 1,500 kwa herufi, jiwe mbali. Maana yake sajini taji ni ghali kuliko koplo, hata huku.

Kwa nini nang'ang'ania majina? Pale Posta, sanamu ya Askari iko tangu 1927, na maandishi yake yanaahidi kwamba ukifa ukipigania nchi yako, wanao watalikumbuka jina lako. Nimeizunguka mara mbili. Jina la askari hata mmoja halipo.

Lawama sasa. Aliahidi Jumatano, tukapata jiwe Julai 24 baada ya magharibi, limeletwa na kirikuu, limefungwa kwa godoro kuukuu. Tulijengea usiku kwa tochi za simu. Asubuhi saruji ilikuwa bado mbichi, ikabidi vijana wawili wasimame nyuma wakilishikilia, wamekakamaa na jasho linawatiririka. Wageni wakadhani ni gwaride la heshima, mmoja akawapiga picha. Halafu risiti hatoi. Mhazini wetu alihangaika sana mbele ya wachangiaji.

Ukienda, beba majina yameandikwa herufi kubwa kwenye karatasi, na namba ya simu ya ndugu wa kila mmoja. Tarehe mtajie iliyo wiki mbili kabla ya siku unayolihitaji jiwe. Na uwahi kabla ya saa tatu asubuhi. Grainda ikishaanza, hata ukipiga hodi namna gani hakusikii.