SQLAlchemy 2.0: Je, Inafaa kwa Mifumo Yetu?

Habari zenu wapendwa, kuanzia hapa Mwanjelwa mpaka Mafinga, karibuni. Leo tunaichambua SQLAlchemy, maktaba ya lugha ya Python (yaani msimbo uliokwisha kuandikwa, unautumia tu) inayosimama kati ya programu yako na kanzidata, ile database inayotunza taarifa zako. Mike Bayer aliitoa mwaka 2006, toleo la 2.0 likatoka Januari 2023, na ni ya bure.

Nimeijaribu kwa mfumo wa mfano wa chama cha msingi cha wakulima wa kahawa, kama vile vya Mbozi. Mkulima analeta kahawa, inapimwa, kilo zinaandikwa, baadaye analipwa. Angalieni kwenye kioo: klasi ya Mkulima, klasi ya Mzigo. Kila klasi ni jedwali, kila mkulima ni mstari wake. Nikiandika mkulima.mizigo, napata mizigo yake yote bila kugusa SQL, lugha ya kuzungumza na kanzidata. Nikirekebisha kilo za mizigo mitatu halafu nikaita commit, yaani amri ya kuhifadhi, maktaba inajua kipi kimebadilika, inapeleka hicho tu, tena kwa muamala mmoja. Ikikwama katikati, hakuna kinachoandikwa nusunusu. Hizi ni hela za mtu aliyelima mwaka mzima, jamani.

Sasa hapa tulieni kidogo. Nataka wakulima 300, kila mmoja na jumla ya kilo zake. Naandika kitanzi cha kawaida, na nimewasha echo=True ili kila SQL inayotumwa ionekane. Mnaona inavyomiminika? Kweri 1, yaani ombi 1 kwa kanzidata, ya wakulima, kisha 1 kwa kila mkulima kuleta mizigo yake: jumla 301! Ukitumia SQLite, kanzidata ndogo iliyo humuhumu kwenye laptopu, hutahisi kitu. Lakini kanzidata ikiwa kwenye seva ya mbali, na kila kweri ikala milisekunde 50 kwenda na kurudi, karani anasubiri sekunde 15 huku foleni iko dirishani. Dawa yake ni selectinload, inayoleta mizigo ya wakulima wote kwa mkupuo. Naiongeza, naendesha tena: kweri 2. Na kama unachotaka ni jumla tu, iache kanzidata yenyewe ijumlishe, kwa func.sum na group_by. Kweri 1, umemaliza.

Kwa hiyo anayekwambia ukiwa na hii huna haja ya kujua SQL, usimsikilize. Bila kuijua, yale maandishi ya echo utayasomaje?

Kinachokera ni mafunzo ya mtandaoni: mengi bado yanatumia session.query ya zamani. Ukiona Mapped na mapped_column, hapo uko kwenye mtindo mpya.

Skripti ndogo ya jedwali moja? sqlite3 inayokuja na Python inatosha. Mnaojenga tovuti kwa Django, humo mna maktaba yenu ya kazi hii tayari. Ila mfumo wenye majedwali yanayohusiana na fedha za watu ndani yake, mimi naichukua hii bila kusita. Na siku hiyohiyo sakinisha Alembic, zana ya kubadili muundo wa majedwali, ya Bayer huyohuyo, ili msimu ujao chama kikitaka safu ya daraja la kahawa, uiongeze bila kupoteza kumbukumbu zilizopo.