Kelele za barabarani kwenye Nissan Leaf: ununue nini kwanza?

Anayetoka kwenye Vitz au Probox na kuingia kwenye Leaf, gari la umeme, husifu ukimya wake siku za mwanzo. Baadaye huuliza mbona matairi yanavuma hivi. Mvumo huo ulikuwepo siku zote, ila injini ya gari la zamani ilikuwa ikiufunika. Ukipita kilomita 80 kwa saa, upepo wa madirishani nao hujiunga.

Maduka ya vipuri yatakuonyesha kwanza mikeka ya butili (mpira mzito unaonata) yenye karatasi ya alumini. Mimi naiweka ya tatu.

1. Matairi. Leaf nyingi zinazotoka Japani huvaa 205/55R16. Kabla ya kununua chochote, soma tarakimu nne za mwisho za alama ya DOT ubavuni mwa tairi: 2317 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2017. Mpira mkongwe hukauka na kuwa mgumu, na ukiwa umelika kwa mabonde mabonde utavuma hata ukiuvalisha gari jipya. Seti mpya ya matairi ya kawaida yenye kashata laini huleta tofauti kubwa kuliko kitu kingine chochote hapa.

Yapo matairi yaliyobandikwa sponji ndani, kama ContiSilent ya Continental na Acoustic ya Michelin. Sponji hutuliza mwangwi wa hewa ndani ya tairi, ule unaosikika kama "uuu" nzito. Ila ukipata pancha, fundi lazima aikate sponji hiyo kabla ya kuziba, na si kila fundi wa kando ya barabara atakubali. Kwa njia zenye misumari mingi, siyapendekezi. Ukikuta lebo ya Ulaya kwenye tairi, jua desibeli zake hupimwa nje ya gari. Zinasaidia kulinganisha tairi kwa tairi tu.

Na upepo wa tairi: Leaf hizi hupendekezwa kujazwa psi 36. Wanaojaza 42 ili chaji ifike mbali hulipia masikioni.

2. Mipira ya milango. Bei nafuu, kazi ya mchana mmoja. Bana karatasi mlangoni, funga, kisha uivute. Ikiteleza bila kushikwa, hewa inapita hapo. Tafuta mpira wa EPDM (aina ya mpira wa sintetiki) wenye umbo la D au P. Usichague mnene mno, utakuwa unabamiza mlango kila mara.

3. Mikeka ya butili. Anzia kwenye buti na juu ya magurudumu ya nyuma, maana Leaf haina ukuta kati ya buti na abiria. Milango baadaye. Unene wa milimita 2 unatosha, na huna haja ya kufunika bati lote: robo hadi nusu yake inatuliza mtetemo. Gonga kwa kidole kabla na baada, mlio wa debe ukigeuka kishindo kifupi, inatosha. Kataa lami ya kuezekea inayouzwa kwa bei ya kutupa. Jua la Mombasa litaiyeyusha na harufu itabaki ndani ya gari.

Mwambie fundi asizibe matundu ya kutolea maji chini ya milango. Asiguse nyaya za rangi ya chungwa, zile za umeme mkubwa, wala asigundishe kitu juu ya kifuniko cha plagi ya kukatia umeme wa betri, kilichoko sakafuni mbele ya kiti cha nyuma.

4. Vinyl nzito (shiti zito la plastiki) juu ya sponji. Hii ndiyo inayozuia sauti ipitayo hewani, lakini ina uzito wa kama kilo 5 kwa mita ya mraba na haifai ikiachwa na nyufa. Viti na zulia vyote hung'olewa, pamoja na soketi za manjano za mifuko ya hewa. Ni ya anayekaa barabara kuu kila siku, na mwenye fundi anayemwamini.

5. Dawa ya kupuliza chini ya gari. Ni ya kuzuia kutu. Chini ya Leaf kuna betri. Usimruhusu mtu aipulizie.