Kipima presha cha nyumbani: miezi minne kwa mama, Ujiji

Nilikinunua duka la dawa pale Mwanga kwa shilingi 65,000, kile cha kufunga juu ya kiwiko. Vile vya kifundo cha mkono ni rahisi kubeba lakini hukosea haraka, mkono ukishuka kidogo tu majibu yanabadilika.

Mama ana miaka 68. Wiki ya kwanza kilisoma 168 kwa 97, nikalia peke yangu jikoni. Kumbe mkanda niliopewa ulikuwa mdogo kwa mkono wake, na mkanda mdogo hupandisha namba. Muuzaji hakuniuliza hata mara moja mkono wa mgonjwa una unene gani! Nilirudi nikaongeza 15,000 nikapata mkubwa.

Sasa kila alfajiri, kabla ya chai na dawa, mama anakaa kwenye kiti chenye mgongo, miguu chini, mkono juu ya meza usawa wa moyo. Dakika 5 kimya. Anapima mara mbili, mjukuu anaandika kwenye daftari. Juzi ilikuwa 138 kwa 84. Daktari alilipitia daftari lote, akampunguzia chumvi, hasa ile ya dagaa wakavu. Sasa tunawaloweka, tunamwaga maji, ndipo wanaingia kwenye mawese.

Betri nne zinakaa miezi miwili hivi. Maandishi ni makubwa, mama anasoma bila miwani. Sauti ya kipima presha hiki ni ya Kiingereza tu, hilo limeniuma, maana mama angependa kuambiwa kwa lugha yake.