Beti ya mwerebi wa Kashmir: Sheria ya 5 inaipitisha, unyevu wa Mtwara hauipitishi

Kwanza jina. Wachezaji wa kriketi husema beti, kile kifaa cha mbao cha kupigia mpira, na hapa itabaki beti, maana gongo Tanzania lina kesi zake nyingine na bati liko juu ya paa.

Inayozungumziwa ni beti ya mwerebi (mti ambao mbao yake huchongwa beti) wa Kashmir, saizi ya mtu mzima yenye mpini mfupi, urefu wa sentimita 85 hivi. Mara nyingi hufika Mtwara na Lindi kwa basi kutoka Dar. Uzito wake ni kilo 1.2 hadi 1.3. Mbao yake ni ngumu na ya kahawia kuliko mwerebi wa Uingereza, na mpira hautoki usoni mwake kwa wepesi uleule. Kwa anayejifunza au anayecheza wikiendi inatosha kabisa. Huku pwani mpira hauiui upesi kama hewa ya bahari na mafuta yasiyo yake.

Pima kabla ya kulipa. MCC, klabu ya London inayotunza maandiko ya mchezo huu, huyaita sheria, na ziko 42. Ya 5 ndiyo ya beti: urefu usizidi sentimita 96.52, upana 10.8, unene 6.7, ukingo 4.0. Huhitaji kifaa cha mwamuzi. Chukua kadibodi ngumu, kata mfereji wa upana wa sentimita 4 kamili, upitishe kwenye ukingo kuanzia begani, mpini unapoishia, hadi ncha. Ukikwama, rudisha beti. Vikomo vya unene na ukingo viliingia mwaka 2017. Kikomo cha upana ni cha karne ya 18: mwaka 1771 Thomas White alifika uwanjani na beti pana kama wiketi nzima, vile vijiti anavyolinda mpigaji, na wakati huo hapakuwa na kifungu cha kumzuia.

Mhadhiri wa sheria anayecheza kriketi ataipenda zaidi kesi ya Dennis Lillee, mrushaji wa Australia. Desemba 1979, mjini Perth, aliingia na beti ya alumini. Nahodha wa Uingereza, Mike Brearley, alilalamika kwamba inaharibu mpira. Sheria haikuwa imetamka kwamba beti iwe ya mbao, baadaye ikatamka. Sheria hiyohiyo ya 5 ina dhana nyingine tamu kwa mwanasheria: mkono au glovu iliyoshika beti huhesabiwa kuwa beti. Mpira ukigusa glovu hiyo na kudakwa, mpigaji ametoka, hata kama mbao haikuguswa. Hapo ubishi wa kijiweni hauna rufaa.

Tuje kwenye mafuta, maana hapa ndipo beti nyingi huharibika. Yanayotakiwa ni mafuta mabichi ya kitani. Ya duka la rangi kwa kawaida ni yale yaliyochemshwa na kutiwa dawa ya kukausha. Yanaacha ngozi ngumu juu na hayaingii ndani. Mafuta ya ganda la korosho, ambayo Mtwara mtu anaweza kushawishika kuyajaribu kwenye mbao yoyote, yasikaribie beti: yanababua ngozi ya mkono na kuacha utando mweusi unaonata.

Kijiko kimoja cha chai kinatosha kwa uso, kingo na ncha. Paka kwa kitambaa, laza beti uso ukiangalia juu, siku nzima, kisha futa. Rudia mara moja, halafu mpako mwembamba wa mwisho. Usipake kwenye kabari, pale mpini wa henzerani unapoingia kwenye mbao. Mafuta hulegeza gundi. Beti yenye plastiki usoni hupakwa sehemu zilizo wazi tu. Na usiiloweshe: inakuwa nzito na inapigwa kama gogo.

Baada ya hapo ni kuigonga, ili nyuzi za mbao zikaze kabla ya kuchezewa. Saa 4 hadi 6 kwa jumla, dakika 15 kila mara, ukianza taratibu. Kingo zigongwe kwa pembe ya nyuzi 45 ili ziwe za mviringo. Ncha usiigonge kwa chini. Nyundo ya mpingo kutoka kwa wachongaji wa Kimakonde inavutia macho, lakini ni ngumu mno, inaacha mabonde. Mpira mzee wa ngozi ndani ya soksi unafanya kazi hiyo bila madhara.

Ncha ndiyo inayoingiza maji. Kwenye pichi (ukanda wa katikati ya uwanja) ya zege mpigaji akigongagonga chini akisubiri mpira, nyuzi hupondeka, na mvua zikianza kati ya Novemba na Desemba nyuzi hizo hunyonya unyevu na kuvimba. Ukiona ncha imekuwa nene kuliko sehemu iliyo juu yake, acha kuitumia. Ikauke kivulini wiki mbili, si juani wala chini ya paa la bati la moto, kisha piga msasa namba 180, ziba kwa vanishi, bandika kiatu cha mpira cha kulinda ncha. Isisimamishwe kwenye sakafu ya saruji, itundike.

Uzi wa mpini ukikatika, usikimbilie uzi wa nyavu. Nailoni haishiki gundi ya mbao na inateleza baada ya ova chache (ova moja ni mipira sita). Uzi wa pamba uliopakwa gundi, mizunguko ikigusana, hukaza ukikauka.

Ufa mdogo ukingoni unazibika kwa gundi na plasta ya nyuzi. Angalia tu unene: kifuniko cha kukarabati mbao kisizidi milimita 1. Anayezungusha tabaka juu ya tabaka hadi beti ivae bandeji ameshatoka nje ya Sheria ya 5, hata kama ufa umefungika vizuri.