Jon Fosse: kinene au chembamba?

Akitajwa Fosse, mwandishi wa Norway, mshindi wa Nobel ya fasihi wa 2023, barazani hapa Mombasa hakosekani wa kulalamika: mbona anarudia yale yale? Kweli anarudia. Septology, kitabu chake kinene chenye sehemu 7, hakina nukta hata moja. Mchoraji Asle anawaza, kisha anawaza tena, na kurasa za mwanzo zinaudhi hasa. Ila ukivumilia, marudio yale hugeuka kama uradi. Kwa utamu huo, kinene kinashinda.

Kwa bei na subira, kinashinda chembamba, Morning and Evening: kuzaliwa kwa Johannes, kisha siku ya mwisho ya uvuvi wake. Marudio yamo, hayakabi koo.

Unasomea foleni ya feri Likoni? Chukua chembamba. Mwenye likizo na ukaidi, kinene.