Wufa ya shilingi 6,500 na dakika nane za moto

Nilinunua wufa hii (spika ya besi) mwezi uliopita katika duka moja la vifaa vya umeme hapa Nakuru mjini. Bei ilianzia 7,200, tukavutana hadi 6,500. Kijana wa duka akaichomeka, akaweka benga, akaongeza sauti mpaka vioo vya kabati vikatetemeka. "Bosi, hiyo ni chuma." Wimbo haujafika ubeti wa pili, keshaizima anairudisha kwenye katoni.

Mimi ni fundi wa injini za visiagi. Mteja wangu haondoki na injini kabla haijasaga gunia zima, maana injini mbovu hukudanganya ikiwa baridi. Kwa hiyo jioni niliijaribu wufa kwa video ninayoipenda kuliko mechi: jaribio la sehemu kuu ya SLS, roketi ya NASA (shirika la anga la Marekani), pale Stennis, Mississippi, tarehe 18 Machi 2021. Ile ya Januari sitaki. Hiyo, kompyuta iliizima baada ya sekunde 67, kwa kuwa mipaka ya usalama waliyouwekea mfumo wa haidroliki (ule wa mafuta ya shinikizo unaoelekeza injini) ilikuwa imebanwa mno. Injini zenyewe hazikuwa na neno. Walirekebisha, wakawasha tena, na mara hii zikawaka sekunde 499.6, muda ule ule zinaohitaji safarini.

Basi, sehemu hiyo ya roketi, mita 65, imefungwa kwenye mnara, haiendi popote, na injini nne zinanguruma chini yake. Wufa ilianza vizuri, siwezi kuikosea haki. Chai kikombeni ilikuwa inachora viduara. Kifungua mimba wangu akauliza kwa nini moshi ni mweupe hivyo na lori la mchanga hutoa mweusi. Nikamwambia huo ni mvuke, hidrojeni ikiungua na oksijeni inatoa maji, na hapo chini wanamwaga maji mengine mengi kupoza mnara. Hakuniamini.

Dakika ya tano ikaanza kukwaruza. Nikaweka kiganja nyuma ya boksi: moto kama pasi. Dakika ya sita, harufu ya waya unaoungua, kisha kimya. Nikarudisha sauti kwenye spika za runinga, na roketi ya tani 725 za msukumo ikamalizia kazi yake ikilia kama sufuria ya maharagwe.

Niliifungua (najua, gerentii). Bati la kupozea ni dogo kama kiberiti, na halikupakwa hata tone la ile grisi yake nyeupe ya kupitisha joto.

Dukani wakaichomeka ikiwa imepoa, benga ile ile, nusu wimbo. Ikalia vizuri kabisa! Nikawaomba dakika nane tu. Kijana akasema wateja wanangoja. Nikasema nami ni mteja, nangoja pia, nikavuta kiti. Kwa heshima zote, mwenye duka alipotoka nyuma hakubishana. Alinibadilishia ya aina nyingine, nikaongeza 1,500, na akaniruhusu kuunganisha simu yangu hapo hapo kaunta.

Hiyo ilifika sekunde ya mwisho, mgongo wake vuguvugu tu. Nyota tatu kwa duka, nne kwa wufa ya pili. Beba waya wako wa simu, wao hawana. Mama mmoja aliyekuja kununua balbu alisimama mpaka injini zikazimwa, akaniuliza hicho kisiagi kinauzwa wapi.