Mzee wa vitabu pale Posta

Kama unapenda hadithi za meli za matanga, pitia kwa mzee anayetandaza vitabu vya mitumba barabara ya Samora, Posta, katikati ya Dar es Salaam. Nilimwamkia, nikamweleza, akachomoa vitatu, shilingi 4,000 kila kimoja. Kimoja hakikuwa na kurasa za mwisho! Kesho yake akanibadilishia bila maneno.

Kinachonikamata kwenye hadithi hizo ni upepo. Upepo ukilala, maji ya kunywa yanapungua, mabaharia wanaanza kunong'onezana, nahodha analala na bastola. Sisi tuliokulia Kigamboni tukiona majahazi yakingoja kaskazi tunalielewa hilo. Ila matanga ya meli za vitabuni ni ya mraba. Foromali ya jahazi, yaani mti unaobeba tanga, hukaa mshazari, ndiyo maana jahazi linaweza kwenda karibu zaidi na upande upepo unakotoka. Kwa mzee nenda asubuhi, jioni vitabu vizuri vimeshachukuliwa.